Namba Moja Watatu na Paa la Shule

Sabuni aliiona ile shule ya zamani siku aliyokuwa akimkwepa mtu aliyenunua kiwanja kwake. Kiwanja kilikuwepo, na hilo lisemwe mapema tusije tukamchafulia mwenzetu jina. Tatizo lake lilikuwa moja tu: kilikuwa tayari na wenyewe, tena wametulia humo chini, kila mmoja na jiwe lake kichwani, wakisubiri kiyama. Mnunuzi alikuja kuyaona majina yao siku alipokwenda kupima msingi.

Basi Sabuni akakata kona, akaingia lango la kwanza alilolikuta wazi, akajibanza nyuma ya nguzo nene ya kibaraza. Jina hilo la Sabuni alipewa na watu aliowahi kuwashughulikia. Ukimshika anateleza, na akimaliza na wewe unabaki msafi, mfukoni hamna hata uzi. Alipopata pumzi na kuinua macho, pua yake ilikuwa imekaribia kugusa tangazo lililopigiliwa mlangoni. Manispaa inatangaza kuwa jengo hili ni hatari. Lisipoezekwa na kukarabatiwa kabla ya mvua za mwaka huu, litabomolewa.

Mtu mwingine angesoma na kusikitika. Sabuni alisoma mara mbili, akatabasamu kama mtu aliyeletewa barua ya mirathi.

Chini ya tangazo hilo mwanamke mzee alikuwa anafagia kibaraza ambacho hakijakanyagwa na mwanafunzi kwa miaka miwili. Alifagia taratibu, kona kwa kona, hata pale ambapo hapakuwa na kitu ila kivuli. Funguo za vyumba vyote zilining'inia kiunoni kwake, zimefungwa kwenye pindo la kanga.

"Shikamoo, shangazi," Sabuni akasema, sauti imeshapakwa mafuta.

"Marahaba, mwanangu. Unakimbizwa au unakimbia?"

Sabuni akacheka, akasema yeye ni Mratibu wa Hifadhi ya Majengo ya Kale. Cheo hicho alikipata palepale, kati ya neno shikamoo na neno marahaba. Akatoa kalamu, akaugonga ukuta kwa kidole, akaitikia kwa kichwa kana kwamba ukuta umemjibu.

Shangazi, maana mji mzima ulimwita hivyo, hata wazee wenzake, akamtembeza. Alikuwa ameifagia shule ile miaka arobaini. Akamwonyesha kuta za mawe na chokaa, unene wake mkono mzima hadi kwenye bega, na madirisha yaliyopangwa yakitazamana ili upepo uingie huku na kutokea kule, watoto wasisinzie. Sasa watoto wamehamishiwa ng'ambo ya barabara, kwenye vyumba vya mabati, na ikifika saa sita wanaiva pamoja na mwalimu wao. Akamwonyesha kizingiti cha ofisi ya mwalimu mkuu, jiwe gumu lililolika katikati likawa kama sahani. Akaeleza kwamba halikuliwa na mvua. Limeliwa na miguu ya waliosimama pale kusubiri viboko, mmoja baada ya mwingine, vizazi vitatu.

Mwisho akafungua kabati la rejesta. Ndani mlikuwa na majalada tu. Mchwa walikuwa wamesoma kila jina, kila alama, kila mwaka, wala hawakubakiza ukurasa.

Hapo moyo wa Sabuni ukaruka. "Kwa hiyo, shangazi, hakuna anayejua nani alikuwa wa kwanza darasani na nani alikuwa wa mwisho?"

"Wa mwisho wanajulikana," Shangazi akasema akifunga kabati. "Ndio wenye maduka."

Sabuni hakuhitaji kusikia zaidi. Mchwa walikuwa wameiacha historia ya shule nzima wazi kama kiwanja kisicho na hati, na kazi ya kuuza viwanja visivyo na hati ilikuwa mikononi mwake tangu ujana.

Mpango wake ulikuwa huu. Kibarazani patawekwa Ubao wa Heshima, umeandikwa majina ya waliokuwa namba moja kila mwaka. Atakayesaidia kuiokoa shule, jina lake litakumbukwa. Ila, na hapa ndipo penye ufundi, Sabuni hatapokea pesa. Hata mia. Ukimwomba tajiri pesa anakukagua viatu. Ukizikataa pesa zake anakuamini hadi na mke wake. Yeye angeomba vifaa tu, vya ukarabati, viletwe shuleni mbele ya macho ya watu. Kisha vikishajaa ghala, angekodi lori, asubuhi na mapema, na mjenzi mmoja wa hoteli mji wa pili angefurahi kuvinunua bila kuuliza vimetoka wapi. Mjenzi huyo alikuwa hana desturi ya kuuliza.

Wa kwanza kutembelewa alikuwa mwenye tanuri la chokaa, mtu mnene aliyekaa nyuma ya meza kama gunia lililoegemezwa. Sabuni alipotaja Ubao wa Heshima, yule mtu aliwafukuza wafanyakazi wote chumbani, akafunga mlango, akauliza kwa sauti ya chini kama mtu anayeuliza dawa ya aibu: je, mwenye mbao ameshaambiwa?

Ikabainika kwamba yeye na mwenye mbao walisoma darasa moja, dawati moja la nyuma kabisa, na kila mtihani walipokezana nafasi ya mwisho kama watu wanaopokezana zamu ya lindo. Tangu hapo walikuwa maadui. Mwenye chokaa akasema yeye si mtu wa makuu, kuwa wa kwanza hakumsumbui. Anachotaka ni yule mwenzake awe chini yake. Sabuni akafikiri kidogo, akaeleza kwa masikitiko kwamba njia ya uhakika ya kuwa juu ya mtu ni kuwa wa kwanza. Mwenye chokaa akakubali kujitolea.

Mwenye mbao naye alikuwa rahisi zaidi, kwani alitaka kitu kilekile, mwaka uleule, kwa sababu ileile. Akaahidi boriti na mbao za kenchi za kubebea paa, mti mgumu, uliokauka vizuri. Wa tatu, mwenye kiwanda cha vigae, hakuwahi kusoma shule ile. Hakuwahi kusoma shule yoyote mjini pale, maana alikuja akiwa na ndevu tayari. Lakini alipoambiwa habari ya ubao, macho yalimlowa. Akakumbuka kengele ya shaba iliyokuwa ikilia asubuhi, na bustani ya maua, na mwalimu mmoja aliyempenda sana. Shule ile ilikuwa ikigonga kipande cha reli, na maua yake yalikuwa magugu. Sabuni alimwacha akumbuke hadi mwisho, akamwandika namba moja, mwaka uleule, kwa kuwa mwaka huo ulishazoeleka mkononi.

Chokaa ikatangulia. Ilikuja mawe kwa mawe, mbichi kutoka tanurini, magunia kwa magunia. Sabuni akamwagiza Shangazi aifungie ghalani, isiguswe hadi wataalamu wafike. Shangazi akasema sawa, mwanangu. Sabuni akasafiri kidogo, maana alikuwa na wateja wengine wa viwanja.

Aliporudi baada ya wiki moja, ghala lilikuwa tupu. Uani palikuwa na shimo refu limejaa maji meupe, na pembeni yake amekaa mzee mwembamba mwenye vidole vilivyokakamaa, anakoroga kwa mti. Shangazi akamtambulisha: shemeji yake, mdogo wa marehemu mume wake, fundi wa chokaa, wa mwisho aliyebaki mjini.

"Nilisema isiguswe," Sabuni akasema.

Fundi akamtazama kama daktari anavyomtazama mgonjwa aliyejitibu mwenyewe. "Chokaa hai haiwekwi ghalani, bwana mratibu. Ghala linavuja. Tone moja la maji likigusa gunia linachemka, linawaka, linakuunguzia nyumba. Ukiiacha kwenye hewa nayo inakufa, unabaki na vumbi. Chokaa inalazwa kwenye maji. Si wewe ndiye mtu wa majengo ya kale?"

Sabuni akasema bila shaka, alikuwa anawapima tu. Fundi akaendelea kukoroga, akaeleza kwamba ikilala wiki sita itakuwa laini kama mafuta ya kujipaka. Sabuni akahesabu hasara kimoyomoyo, akajifariji. Chokaa ilikuwa kitu kidogo. Mali yenyewe ilikuwa bado inakuja.

Mbao zikaja kweli, malori mawili, ndefu, nyekundu, zinanukia. Safari hii Sabuni alisimama mwenyewe hadi ubao wa mwisho ukashushwa, akazipanga ukumbini, akamwambia Shangazi kwa ukali wa heshima kwamba asitokee mtu wa kuzikata, kuzitoboa wala kuzipaka kitu. Shangazi akasema sawa, mwanangu. Sabuni akaenda zake kumtuliza mjenzi wa hoteli, ambaye alikuwa ameanza kuchoka kusubiri.

Aliporudi, ukumbi ulikuwa mtupu, umefagiliwa. Akainua macho polepole, jinsi mtu anavyoinua shuka asitake kuona kilicho chini yake. Mbao zote zilikuwa juu, zimepangwa kenchi kwa kenchi toka ukuta huu hadi ukuta ule, na maseremala wanne wamekaa juu yake wanakula mchana.

Shangazi alikuwa na maelezo. Sakafu ile ina mchwa, si aliona walivyofanya rejesta? Na ubao mrefu ukilazwa chini kwenye unyevu unapinda kama upinde. Ndiyo maana shemeji akashauri zipandishwe, zikae kwenye hewa.

"Mmezipigilia?" Sabuni akauliza.

"Kidogo tu. Zisije zikamwangukia mtu."

Wale maseremala walikuwa watu waliosoma shule ile kweli, waliosimama kwenye kile kizingiti kwa miguu yao. Walikuja siku za mapumziko, bila malipo, na hakuna hata mmoja aliyeuliza habari za ubao wa heshima. Sabuni aliwatazama akaona ni watu wa ajabu sana, hawana tamaa ya kitu chochote, watu wa namna hiyo mtu hawezi hata kuwaibia.

Hapo mtu mwenye akili za kawaida angeachia ngazi. Lakini Sabuni alikuwa msanii, na msanii ana kiburi. Akajiambia kwamba kilichopigiliwa kinang'oleka, siku ya lori atakodi watu wa kuzishusha. Isitoshe vigae vilikuwa bado, na ndivyo mjenzi wa hoteli alivyovitamani hasa: vigae vya udongo vya mtindo wa zamani, ambavyo wageni wakiviona huongeza siku za kulala.

Vigae vilipofika, Sabuni hakutaka tena kusikia habari ya ghala wala ukumbi. Akaamuru vipangwe uani, wazi, kavu, mbali na mchwa, mbali na shimo. Kigae hakiozi, hakipindi, hakichemki. Akamtazama fundi usoni kuona kama ana la kusema. Fundi alikuwa anakwangua ukuta, anabandua viraka vya saruji ambavyo mkandarasi mmoja wa zamani alizibia nyufa. Saruji haipumui, fundi akasema peke yake, imenasa unyevu ndani hadi ukuta umeanza kuoza. Vipande vilianguka miguuni pake na kuwa lundo.

Siku mbili baadaye Shangazi alimpigia Sabuni simu. Sauti yake ilikuwa ya wasiwasi.

"Mwanangu, hivi vigae vinanitia presha. Kila apitaye anakiangalia kimoja. Jana nilihesabu, leo nimehesabu, havilingani. Mji huu umejaa matapeli, sijui kama unajua."

Sabuni akasema anajua, wapo. Jasho likamtoka. Hakuna mtu anayeogopa wezi kama mwizi, kwa sababu yeye ndiye anayejua wanavyofikiri. Wiki ile alikuwa hawezi kurudi, kuna mtu wa kiwanja alikuwa anamsubiri stendi.

"Sikiliza, shangazi. Vitoe hapo uani. Viweke mahali mtu hawezi kufika."

"Mahali gani huko?"

"Popote. Juu huko. Pasifikike."

"Juu," Shangazi akasema, kama mtu anayeandika. "Umesema wewe, mwanangu."

Wiki kadhaa baadaye, asubuhi ya lori, Sabuni alikaa mbele karibu na dereva, amevaa suti yake ya kuondokea. Alikuwa ameshampa dereva malipo ya safari nzima, kwenda na kurudi, kwa mara ya kwanza maishani mwake, kwa sababu dereva huyo naye alikuwa anamfahamu. Walipokata kona ya mwisho, dereva akapunguza mwendo, akapiga mluzi.

Shule ilikuwa imesimama pale kama bibi harusi. Kuta nyeupe, lipu mpya ya chokaa imekauka vizuri, madirisha yamefunguliwa yakitazamana. Juu yake, safu kwa safu, bila pengo hata moja, vigae vyote vimelala kwenye paa, vyekundu, vizuri mno. Mlangoni mkaguzi wa majengo wa manispaa alikuwa anang'oa tangazo kwa koleo, na mbele yake wamesimama watu watatu waliovaa suti nzuri kuliko ya Sabuni: mwenye chokaa, mwenye mbao na mwenye vigae.

Sabuni akashuka. Miguu ilimpeleka yenyewe hadi kwenye nguzo aliyoegemea Shangazi, maana naye alikuwa na nguzo yake leo.

"Shangazi, umenimaliza."

"Mimi? Mimi nimefanya ulivyosema. Umesema juu."

"Nilisema mahali pasipofikika."

"Panda basi uone kama utafika."

Sabuni akajaribu kukunja uso. Akasema kuna sheria, kuna polisi, mali ya watu haiwezi kuhamishwa hivi hivi. Shangazi akamwacha amalize, akamwekea mkono begani kama mama.

"Nenda polisi, mwanangu. Hata nauli nitakupa. Ila tufanye mazoezi kwanza, usije ukababaika. Utasema hivi: afande, nimeibiwa mbao za shule. Afande atakuuliza zimepelekwa wapi. Nawe utasema?"

Sabuni akalitazama paa.

"Utasema zimepelekwa shuleni," Shangazi akamsaidia.

"Ulinijua lini?" Sabuni akauliza hatimaye, sauti imekosa mafuta.

"Nimefagia hapa miaka arobaini. Nimedanganywa na watoto wa kila aina, na wote walianza wakiwa na miaka saba. Wewe umekuja na suti, tai na mvi mbili. Ulichelewa kujiandikisha."

Hapo aliitwa kwa makofi. Wale watatu walikuwa wamemwona, na walitaka ubao wao. Sabuni hakuwa na ubao. Hakuwahi hata siku moja kufikiria kutengeneza ubao, kama vile mvuvi asivyofikiria kumpikia samaki chakula cha jioni. Lakini ubao ulikuwepo. Ulitundikwa kibarazani, umefunikwa kanga, na Shangazi akaivuta.

Fundi alikuwa ameandika kama kila mwenye mzigo alivyomwambia, kwa rangi nyeusi, herufi nzuri za mtu aliyefundishwa kwa kiboko. Mwaka ulikuwa mmoja. Majina yalikuwa matatu. Mbele ya kila jina ameandika: wa kwanza.

Mwenye chokaa alisoma jina la mwenye mbao, mwenye mbao akasoma la mwenye chokaa, na wote wawili wakamgeukia mwenye vigae ambaye hawakuwahi kumwona darasani hata akipita dirishani. Shingo zilivimba. Sabuni akapima kwa macho umbali wa kwenda langoni, akaona ni mrefu kuliko alivyoukumbuka. Sasa wangemuuliza, na yeye, ambaye hajawahi kukosa neno tangu azaliwe, alipapasa mdomoni akakuta ulimi tu.

"Mbona tuko watatu?" mwenye vigae akauliza.

"Hata mimi nakumbuka," Shangazi akasema kwa upole. "Darasa lile lilikuwa na wa kwanza watupu. Aliyefeli alikuwa mwalimu."

Mkaguzi wa manispaa akageuka kutazama ukuta, mabega yanamtikisika. Wale watatu walibaki wanatazamana, na kila mmoja akafanya hesabu yake. Mwenye chokaa aliona kwamba akimtoa mwenye mbao, mwenye mbao atasimulia habari ya dawati la nyuma. Mwenye mbao aliona vivyo hivyo. Mwenye vigae aliona kwamba akifungua mdomo ataulizwa jina la yule mwalimu aliyempenda sana. Halafu wote wakainua macho, wakaliona paa, wakaona haliwezi tena kushushwa na kurudishwa dukani.

Mwenye chokaa akaanza kupiga makofi. Wenzake wakafuata. Walishikana mikono, wakaambizana kwamba mwaka ule ushindani ulikuwa mkali sana, na wakapigwa picha chini ya ubao. Watoto wa ng'ambo ya barabara wakaanza kuvushwa, kila mmoja amebeba kiti chake kichwani. Hivyo ndivyo historia ya mahali inavyoandikwa, na wakishakufa wote watatu hakutakuwa na wa kubisha.

Sabuni alitumia makofi yale kurudi nyumanyuma hadi kwenye lori. Alikuta dereva ameegemea mlango, anachokonoa meno, na sehemu ya mizigo imejaa. Maseremala wanne walikuwa wanamwaga sepetu la mwisho la kifusi: viraka vyote vya saruji vilivyobanduliwa ukutani, vigae vya zamani vilivyovunjika, misumari yenye kutu, na mabaki ya rejesta pamoja na mchwa wake.

Shangazi alikuwa amesimama pembeni na ufagio, anafagia vumbi lililomwagika.

"Uwanja ulikuwa hauna njia ya kupitisha watoto," akasema. "Na kukodi gari ya kuzoa kifusi ni gharama. Mungu akakuleta na lori. Si vizuri mgeni aondoke mikono mitupu."

Sabuni akapanda, akafunga mlango, akatazama mbele. Kule kibarazani namba moja wote watatu walikuwa wanampungia mkono bwana mratibu, na yeye akawapungia. Lori likatoka langoni likiyumba kwa uzito, likaingia barabarani, likafika njia panda ya kwenda mji wa pili, huko ambako mjenzi wa hoteli alikuwa amesimama tangu alfajiri na watu wake wa kupakua.

"Bosi," dereva akauliza, "huu mzigo tunaushusha wapi?"